Nilivyomlegezea Mwanangu Nondo

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo wameniita tena Mama Pamba! Dukani, mbele za watu, nimeshika mche wa sabuni mkononi. Na aliyeita si mwingine, ni mke wa muuza nyama. Yeye ni Mama Kifaru kwa sababu mwanawe ana shingo. Shingo tu. Ukiiondoa ile shingo hakuna kitu pale.

Niandike hapa moyo utulie. Shule niliiacha mapema, au tuseme iliniacha, lakini kuandika ukweli sihitaji cheti. Mwanangu si pamba! Alizaliwa mlaini, sawa, na utotoni akimwona panzi kafa alikuwa analia. Watu wakamwita Pamba, jina likaganda. Sasa ni kijana wa miaka ishirini na mbili, ana ndevu zake, na bado akipita njiani ni Pamba, Pamba. Anasema halimuumi. Lakini anaitikia huku anatazama chini. Mama haambiwi, mama anaona.

Jumamosi maneno haya yatakwisha. Pale ukumbi wa mazoezi wanashindana kukunja nondo kwa mikono mitupu, na mshindi ndiye atakayeuwakilisha mtaa kwenye mashindano makubwa. Wamebaki wawili, Kifaru na mwanangu. Wengine wote walishindwa na msumari wa inchi sita. Mwanangu aliukunja ukawa kama pini ya nywele! Nimeutundika ukutani, juu ya picha ya harusi. Baba yake kauliza picha yetu imekosa nini. Nimemjibu kwamba haijakunja chuma.

Basi pale dukani nikamwambia Mama Kifaru, tena kwa sauti, Jumamosi aje na kitambaa cha kufutia machozi. Akacheka mpaka akashika kaunta. Eti, "Pamba akunje chuma? Shoga yangu, hicho chuma kitamfuta jasho!" Duka zima likacheka. Mpaka mwenye duka, ambaye mashuka yake nayafua mimi!

Nimerudi nyumbani na hasira. Nikafunga bomba la uani, mkono wa bomba ukabaki kiganjani mwangu. Vitu vya siku hizi havina uimara kabisa.

Jumanne, tarehe 4

Mpango wa kwanza. Umekufa.

Mimi ni dobi, na sijisifu nikisema ndimi dobi. Nafua mashuka na mablanketi ya nyumba za wageni, nafua mataulo ya ule ukumbi wa mazoezi. Blanketi likilowa ni zito kama lawama, na mashine ya kukamulia ilishakufa miaka mingi. Nikawaza: chuma ni mikono, na mikono ni kukamua. Nikampa mwanangu mablanketi yote. Alikamua matatu, viganja vikachubuka, akakaa juu ya ndoo anajipuliza. Yaliyobaki nikayamaliza mwenyewe huku namsimulia jinsi babu yake alivyokuwa na nguvu.

Mwalimu wa mazoezi akaja kuchukua mataulo, akaviona vile viganja. Jamani! Alifoka kwa heshima, lakini alifoka. Mtu huyu alikuwa fundi wa nondo kwenye majengo kabla ya kufungua ukumbi, anachojua anakijua. Akasema mama, nakupigia magoti, wiki hii mkono wa huyu kijana usishike kitu kizito kuliko kijiko. Nguvu wameshaijenga kwa miezi, tangu misumari myembamba, taratibu. Kilichobaki ni mapumziko na mbinu.

Akarudia mbinu pale pale uani, nami nasikiliza kwa sikio moja huku nasuuza. Zungushia turubai ncha zote mbili, chuma kisikutafune. Shika karibu na ncha, usishike katikati. Lete chini ya kidevu, viwiko vibane mbavu, sukuma kwa kifua na mgongo, vidole viachie kazi ya kushika tu. Kikianza kulegea usikipe nafasi. Mwisho pitisha vidole baina ya vidole, minya mpaka ncha zikutane.

Mbinu, sawa. Lakini mapumziko? Nimemkubalia kwa kichwa. Moyoni nimekataa.

Jumatano, tarehe 5

Nimeamka na wazo. Wazo lenyewe si la kuazima!

Kama mkono wa mtoto hauruhusiwi kufanya mazoezi, basi chuma kifanye! Kiatu kipya kinabana mpaka ukizoeshe. Mlango mpya unagoma mpaka uuzoeshe. Hata baba yake, tulipooana, alikuwa mgumu. Nondo ni nini mbele ya haya?

Nikapeleka mataulo ukumbini. Nondo za Jumamosi zimepangwa stoo, kwenye rafu ya juu. Zote zimekatwa sawa, urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Moja imepakwa buluu kwenye ncha, ya mwanangu. Moja nyekundu, ya Kifaru. Nyingine hazina rangi, za akiba. Nikatazama huku, nikatazama kule. Ile ya buluu ikaingia kwenye furushi la nguo chafu. Mwalimu akanifungulia mlango mwenyewe, akanishukuru kwa kazi nzuri. Nikamwambia asante nawe, baba.

Ile nyekundu sikuigusa. Mimi si mwizi. Mimi ni mzazi.

Uani nikajificha katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Nikazungushia matambara kwenye ncha. Chini ya kidevu, viwiko mbavuni. Nilitaka kuishtua tu, ipate habari. Nikasukuma kidogo, kama ninavyokamua blanketi la watu wawili.

Ikakunjika! Yote! Ncha kwa ncha! Nilibaki nimeikumbatia kama mgeni wa siku nyingi.

Nikajua mara moja kwamba mwalimu kauziwa chuma bandia. Chuma gani hicho kinamkunjikia mwanamke mwenye goti bovu? Lakini nilifurahi! Kama kilikuwa legelege, sasa nimekilegeza zaidi. Taabu ikawa kukinyoosha. Nikakikanyaga juu ya jiwe la kufulia, nikavuta, nikagonga. Kimenyooka, karibu. Kuna kijinundu katikati. Akiuliza mtu nitasema kilizaliwa nacho.

Ijumaa, tarehe 7

Jana sikuandika. Nilikuwa nalegeza.

Nimeikunja na kuinyoosha, nikaikunja tena na kuinyoosha. Ajabu ni kwamba kila nikirudia inazidi ukaidi pale katikati. Mara ya mwisho ilibidi nikunje na uso. Nadhani nimechoka tu, mapazia ya wiki hii yalikuwa mengi.

Baba yake ni fundi cherehani, mtu wa sindano. Alitoka uani akanikuta katikati ya shughuli. Akanitazama. Akaitazama nondo. Akauliza taratibu, hiyo kaikunja nani. Nikamwambia hajaona nondo yoyote hapa. Akasema sawa, mke wangu, lakini hiyo nondo ambayo sijaiona, umeikunja wewe? Kwa mikono? Nikamwambia arudi kwenye vifungo vyake, mambo ya chuma atuachie wenyewe. Akarudi ndani kinyumenyume. Wanaume wakizeeka wanapenda kushangaa.

Leo asubuhi nimeirudisha chini ya mataulo safi. Rangi ilikuwa imebanduka, nikaipaka buluu ya kufulia nguo nyeupe. Ukiwa mbali hujui. Ukiwa karibu, usiwe karibu.

Jioni mwanangu alimaliza kula. Halafu akaniuliza, mama, kesho nikishindwa utaweza kupita pale dukani? Nikamwambia hushindwi. Akatabasamu, akasema jina si kitu, ameshalizoea.

Uongo! Hakuna anayezoea. Nikageuka nikasugua sufuria ambalo lilikwisha kuwa safi.

Jumamosi, tarehe 8

USHINDI! Mwandiko utakuwa mbaya, vidole vimegoma kushika kalamu. Ni furaha, si kingine.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mama Kifaru kaja na mwavuli, ndani ya nyumba! Kifaru akatangulia. Shingo ikavimba, akaguna kama mlango usio na mafuta. Lakini alishika karibu na katikati na akataka kumaliza kwa vidole. Nondo nyekundu ikapinda nusu, ikagoma, akaiweka chini, akaketi. Nusu! Mama yake akapiga vigelegele kana kwamba nusu ndiyo nzima.

Akaja mwanangu. Alivyosimama! Turubai kalizungusha vizuri, nondo chini ya kidevu, viwiko mbavuni, vyote kama alivyofundishwa. Akasukuma.

Wapi.

Akasukuma tena. Mishipa ya kichwa ikatoka. Pale kwenye kijinundu hapasogei hata kidogo, kandokando tu imepinda, kama nyoka anayefikiria aende wapi. Mtu mmoja nyuma akaanza, Pamba. Wa pili akadakia. Mara ukumbi mzima, Pamba! Pamba! wanapiga na makofi. Nikamwona mwanangu anatazama chini.

Sijui miguu ilinifikishaje mbele. Nikamwambia mwalimu hapa pana hujuma! Nondo hii imebadilishwa! Nondo ya mwanangu naijua mimi, ni laini, hata mimi naikunja! Mwalimu akauliza, mama, umeijulia wapi? Nikamwambia tusitoke nje ya mada. Nikaichukua mikononi mwa mtoto, na turubai lake. Nikasema tazameni wenyewe.

Ilikuwa kaidi, sitaki kudanganya. Goti lililia. Lakini kule nyuma kuna mmoja alikuwa bado anaita Pamba, peke yake, kwa raha zake. Nikamsikia vizuri. Nikasukuma.

Ikakunjika. Ncha zikagusana. Nikaitupa mezani, nikawaambia mmeona? Nondo ya kawaida kabisa!

Mara zikalipuka kelele, nikageuka kutazama ni mheshimiwa gani kaingia. Hakuingia mtu.

Mwalimu akaiokota. Akapitisha kidole. Buluu ikabaki kidoleni. Akaniuliza kwa sauti ya chini niliikunja mara ngapi kabla ya leo. Nikasema za kutosha. Akafumba macho kama mtu anayesali. Kisha akawatangazia watu kwamba chuma si kiatu, kwamba kikikunjwa baridi na kunyooshwa, kinazidi kuwa kigumu pale pale kilipokunjiwa, na kwamba nondo aliyopewa kijana huyu hakuna mwanamume humu ndani ambaye angeiweza. Nimemsikia. Kumsikiliza ni jambo lingine.

Akaleta nondo mbili za akiba, mpya, haki kwa haki. Kifaru akavitazama viganja vyake, akasema kwa leo inatosha. Mwanangu akaipokea yake. Akazungusha turubai. Akavuta pumzi moja.

Ikalegea. Hakuipa nafasi. Akapitisha vidole baina ya vidole, akaminya, mabega yakatetemeka, nami naminya hewa pale pembeni. Ncha kwa ncha! Mwanangu! Mikono hii ndiyo iliyomwogesha!

Hakuna aliyesema Pamba. Yule wa nyuma nilimtafuta kwa macho, nikamkuta anautafuta mlango. Na mwanangu akainua uso, akanitazama sawasawa, akasema mbele ya kadamnasi nzima, "Mama, usiguse tena vyuma vyangu!" Sauti hiyo! Nene! Ilitikisa madirisha. Nimelia wazi wazi.

Mama Kifaru alinisogelea mlangoni, kaufunga mwavuli. Akaniita Mama Nondo, kwa adabu, na akauliza mikono yangu huwa naipaka nini. Nikamwambia sabuni tu, shoga yangu. Sabuni na subira.

Jumapili, tarehe 9

Asubuhi mwanangu kaenda dukani. Nikachungulia pembeni mwa pazia. Mwenye duka kamwita kaka. Kaka! Na yeye kaitikia huku anamtazama machoni, akarudi bila haraka, katikati ya njia. Nimeangalia mpaka alipoingia ndani.

Mchana akaja mwalimu. Akaketi na baba wa mwanangu, wakatazamana kama watu waliokwisha kuongea. Eti mashindano makubwa yana upande wa wanawake. Eti tangu aanze kazi hii hajaona mkono kama wangu, na yuko tayari kunifundisha bure. Nikacheka mpaka nikaegemea ukuta. Mimi! Nguvu nitazitoa wapi, mtu mzima kama mimi? Baba yake akafungua kinywa aseme jambo. Nikamtazama. Akanywa chai.

Nikamweleza mwalimu kwa upole, maana ni mtu mwema ila vitabu vimemchanganya. Ile nondo ya akiba ilikaa rafu moja na ile niliyoilegeza. Iliona yaliyompata mwenzake, ikaingiwa na woga, ndiyo maana ikamtii mtoto. Siri yote iko hapo. Nikiwa nimelegeza moja tu tumeshinda hivi, je, ningelegeza mbili?

Mwalimu akaomba maji. Alipokuwa anakunywa nikamwuliza, kama mzazi tu, huko kwenye mashindano makubwa nondo zinahifadhiwa wapi. Akakohoa, akaaga, akasahau na kofia yake.

Haidhuru, kuuliza si ujinga. Kesho naanza kuulizia mwenyewe. Na safari hii nitazilegeza zote, za watoto wa watu pia, isije ikasemwa nina upendeleo.