Ombi la Kuliacha Tangi la Gari-Nyumba Bila Maji, kwa Ajili ya Usafi Wake

Kamina, Alhamisi

Kwa Mchungaji Éliézer Kabwe,
Msimamizi wa Wilaya ya Kanisa letu, hapa Kamina

Baba Mchungaji Msimamizi,

Heshima zangu zikufikie hata kabla bahasha haijachanwa. Ninayekuandikia ni Constant Nkulu, mwangalizi wa tangi la maji la gari-nyumba la kanisa. Shule niliishia njiani. Kiswahili hiki cha kuandikia nilijitafutia mwenyewe nilipokuwa tarishi wa reli, katika Biblia, na katika zile barua za ofisi ambazo wakubwa hawakuzifunga vizuri.

Unakumbuka kwamba wageni waliotuachia gari lile, lenye vitanda, jiko na bafu la kusimama mtu mmoja, walinionyesha kwa mikono yao jinsi ya kulitunza tangi lililo chini ya kitanda. Nami nilitii. Nililimwaga lote, nikatia maji yenye javeli, ile dawa ya kuulia vijidudu, nikafungua kila bomba mpaka harufu ya javeli ikatoka, nikayaacha yalale humo, na asubuhi nikamwaga na kusuuza mpaka pua yangu haikuwa na neno la kusema. Kisha nikaongeza jambo ambalo wageni walilisahau: nililikausha, nikaziba mdomo wake kwa kitambaa cheupe, nikatia kufuli. Tangu hapo halijaingia tone. Nathubutu kuandika kwamba kutoka hapa hadi Mulongo hakuna tangi linalolifikia kwa usafi.

Ila Jumapili iliyopita ulitangaza mbele ya waumini wote kwamba Jumatatu gari linakwenda Mulongo, na kwamba nisipolijaza tangi kabla ya siku hiyo, ufunguo wake atapewa Djo, fundi wa pikipiki. Watu walicheka. Mke wangu pia alicheka, lakini kwa adabu, ndani ya leso.

Baba, tangu nilipostaafu, hakuna anayebisha hodi kwangu ila mwenye haja na ufunguo ule. Ukiondoka ufunguo, na hodi imeondoka. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu uyapime malalamiko yangu kabla hujanihukumu.

1. Kuhusu maji yenyewe. Nimechunguza kwa muda mrefu chanzo cha uchafu katika matangi, nami nimekipata: ni maji. Tangi likiwa kavu haliotishi utelezi wa kijani, halikusanyi mchanga, halinuki. Siku moja Djo alileta bidoni (madumu) za maji kwa pikipiki, akaniambia (namnukuu kama alivyosema): “Papa Constant, maji iko muzuri, angalia yenyewe!” Nikaangalia, nikaona jani. Nikamwuliza jani hilo limetoka wapi. Akasema, kwenye mti. Nikamwuliza juu ya mti hukaa nani. Akasema, ndege. Sikuendelea kumwuliza ndege hufanya nini huko juu, maana yeye ni kijana wa kanisa na mimi ni mtu mzima. Nilimrudisha na bidoni zake. Alipokuwa akiondoka alipaza sauti njia nzima: “Tangi bila maji iko tangi ya nini? Bantu batakunywa kufuli?”

2. Kuhusu mpira wa Djo. Hapa sifanyi mzaha hata kidogo. Mpira anaotaka kutumia kujazia tangi ndio ule ule anaovutia petroli kwa mdomo, na ndio anaooshea minyororo yenye grisi. Wageni walisisitiza kwamba mpira wa maji ya kunywa usiguse kazi nyingine yoyote. Nilipomweleza, Djo alijibu kwamba petroli huua vijidudu. Baba Mchungaji, mtu mwenye fikra hiyo ndiye unayetaka kumkabidhi koo za wahubiri wetu.

3. Kuhusu watumiaji. Katika safari ya Luena, kabla sijalikausha tangi, Mama Phébé, kiongozi wa kwaya, alifungua bomba la jikoni akanawa miguu. Nilipomkanya, alisema: “Weye papa, hii miguu iko ya mwimbaji, haina uchafu.” Sina nia ya kujadili miguu ya kwaya. Nasema tu kwamba maji yakitoka, hewa huingia kuchukua nafasi yake, na hewa ya Luena ina vumbi la makaa. Kwa hiyo kila anayekunywa anachafua. Nilijaribu kutafuta namna ya msafiri kunywa bila maji kupungua. Bado sijaipata, lakini naendelea.

4. Kuhusu ukarimu, na hapa ndipo penye jeraha. Katika safari hiyo hiyo, Mama Béthanie, mwenyeji wetu huko, alikuwa ametuwekea maji ya moto ya kuoga, kama anavyowekewa kila mgeni wa heshima anayeshuka na vumbi la barabara. Sufuria ilikuwa inatoa moshi, sabuni mpya imelala juu ya taulo. Nawe, Baba, kwa nia njema kabisa, ulisema: “Asante mama, tunayo yetu ndani ya gari.” Ulipoingia kuoga hukuona uso wake. Mimi niliuona. Aliniuliza, “Sasa miye nifanye nayo nini? Nioge mara mbili?” Kisha akayamwaga uani, polepole, akiniangalia. Jioni tulipewa bukari, yaani ugali wetu, bila kitoweo cha kutosha, na ndivyo ilivyostahili. Ni wazi basi kwamba tangi lililojaa linatuondolea wenyeji wetu, na mhubiri asiye na wenyeji atamhubiria nani?

5. Kuhusu mwendo. Mtu akikubali hayo manne, atauliza: je, gari liende Mulongo na tangi tupu? Hata hilo lina hatari. Mashimo ya barabara yatalilegeza kufuli, kitambaa kitachomoka, na vumbi litaingia bila kibali. Nilifikiri juu ya jambo hili kwa uchungu, na hitimisho langu ni kwamba gari lisiende. Kila nyumba yenye heshima hapa Kamina ina kabati la sahani za wageni ambazo hakuna mgeni aliyewahi kula ndani yake, nazo ni nzima mpaka leo. Hatuwalaumu mama zetu. Kwa nini tulaumu tangi?

Kutokana na hayo, naomba: tangi litangazwe rasmi kuwa safi, na lisitiwe maji tena, gari likae chini ya banda lake, likitazamwa na waumini baada ya ibada, kwa utaratibu, wewe na wahubiri mwende Mulongo kwa njia nyingine itakayoonekana kuwa nzuri, kila mmoja akipakata bidoni yake, na ufunguo ubaki mikononi mwangu, pamoja na kiti cha kukalia kando ya gari, kwa kuwa kulinda kwa kusimama kunachosha magoti.

Naamini hekima yako haitanishinda, bali itaniunga mkono. Wasalimie Mama Pasta, watoto, wazee wa kanisa, na waimbaji wote, akiwemo Mama Phébé na miguu yake. Hata Djo msalimie, kwa mbali.

Ni mimi mtumishi wako katika usafi,

Constant Nkulu
Mwangalizi wa Tangi

N.B. Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi, natafuta gundi ya bahasha, ndipo mama mkwe wangu, Mama Mbuyi, aliposhuka kwa treni bila taarifa. Pampu ya mtaa wetu ilikuwa imeharibika tangu asubuhi, na nyumbani hapakuwa na maji hata ya kulowesha kidole. Unajua kwetu mkwe hasubirishwi wala hapingwi. Nilimkimbilia Djo. Aliosha mpira wake kwa sabuni, nami nikiwa nimesimama juu yake, akalijaza tangi kwa maji ya bidoni zake mpaka likafurika. Mama mkwe ameoga katika bafu la gari, amekunywa, amesema, “Mukwe, hii maji iko tamu,” kisha amelala juu ya kitanda chako. Alipoamka aliuliza kama gari hili hufika Mulongo, kwa dada yake. Nikajibu kwamba linaondoka Jumatatu, alfajiri, bila kukosa. Tafadhali, Baba, lisikose. Yeye atakaa mbele. Kuhusu ufunguo, usihangaike tena kuchagua kati yangu na Djo: mama mkwe ameufunga katika pindo la kitenge chake, na mimi siwezi kumwomba.