Boksi la Futi Saba

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe anakuja Jumamosi! Amepasuliwa goti na atauguzwa hapa kwetu. Daktari hataki goti litikiswe hata kidogo. Mke wangu alipomaliza kunieleza hayo akaitazama njia yetu, kutoka langoni hadi mlangoni. Mashimo matupu. Akasema atamwita kaka yake aje na trekta lake.

Shemeji! Mama mkwe hamalizi kikombe cha chai bila kumsifu. Mimi nimesifiwa mara moja tu tangu nioe, siku niliyoaga mapema. Nikasema simu isipigwe. Na mimi nina trekta, tena lina moyo. Kinachokosekana ni boksi la kusawazishia, lile la chuma linalofungwa nyuma. Meno yanachimbua, kisu kinakwangua, udongo unakokotwa hadi kwenye mashimo. Kazi ya asubuhi moja. Mke wangu alikwenda kuanua nguo.

Jumanne, 4 Machi

Dukani kwa fundi wa matrekta. Nilijiandaa vizuri. Upana wa magurudumu ya nyuma niliupima kwa futi ya kushonea ya mke wangu. Fundi alifurahi. Akashauri nichukue la futi tano, lizidi magurudumu kidogo tu ili lifute alama zake. Likiwa pana mno, akasema, litajaa udongo kuliko nguvu za trekta, na trekta litainua pua.

Maneno ya busara. Nilikuwa nimeshakubali. Nikauliza tu, kwa kupitisha muda, shemeji alinunua la futi ngapi.

La tano!

Nimenunua la saba. Fundi aliguna, akaenda kuniandikia risiti.

Jumatano, 5 Machi

Boksi limeletwa. Zuri ajabu! Liko nje ya lango.

Litabaki nje ya lango. Lango lina futi sita.

Jirani mshona viatu aliuliza kama tumenunua kitanda. Nilijifanya sikumsikia. Mke wangu naye akauliza: ikiwa trekta nililipima kwa futi yake, lango nililipima kwa nini? Kwa macho, nikasema. Akayatazama macho yangu kwa huruma.

Nimepata dawa. Nguzo moja ya lango itaondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Nguzo imeondoka. Imeondoka na kipande cha ukuta, lakini hilo ni jambo dogo.

Nikafunga boksi, nikashusha meno yote, nikakanyaga mafuta. Boksi likajaa mara moja. Kisha nikaona mawingu. Magurudumu ya mbele yalikuwa hewani! Nikakata usukani kulia, trekta likaenda lilikotaka, yaani kwenye kamba ya nguo. Nilisimama na shuka usoni.

Sikukata tamaa. Nikafunga magunia ya mchanga mbele na pua ikashuka. Nikalima njia hadi jioni. Meno ya chuma kile hayana mzaha. Kulikuwa na mashimo mengi, sasa limebaki moja. Linaanzia langoni na kuishia mlangoni.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Shimo limejaa. Bata wa jirani wamehamia.

Nilimsikia mke wangu chumbani, kwenye simu, kwa sauti ya chini. Kaka, njoo, alisema. Basi. Mimi ndiye niliyelikoroga. Nimeona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji alifika mapema. Laiti angenicheka! Hakucheka. Alichimba mfereji maji yakatoka, akainua meno karibu yote, akaanza kukwangua kidogo kidogo kwa lile boksi lake la tano, mbele na nyuma. Aliniomba nisimame nimwonyeshe palipoinuka. Nikasimama, nikaonyesha kwa kidole. Nadhani nilionyesha vizuri.

Mama mkwe alikuta kazi inaishia. Alikaa garini, kioo kikiwa chini, akitazama kila kitu. Halafu gari likaingia polepole hadi mlangoni. Hakuguna hata mara moja.

Akaniita mimi! Si mwanawe, mimi. Akanishika mkono ashuke. Akasema ameona nguzo na ukuta pale nje, na tangu azaliwe hajapata mtu wa kuvunja lango lake mwenyewe ili gari la mgonjwa lipite kwa nafasi. Akasema mwanawe hakuwahi kumvunjia hata kokoto. Machozi yalinilenga. Mke wangu alifungua mdomo. Nikakohoa kwa nguvu, akaufunga.

Jumapili, 9 Machi

Siku njema. Mama mkwe amenisifu tena wakati wa chai, shemeji akisikia. Muungwana yule ameongeza sukari tu.

Fundi amekubali nirudishe boksi anipe la futi tano. Mke wangu ameniapisha nirudi na hilo hilo. Nikaapa. Nilikuwa naondoka kabisa nilipopita langoni, na kwa kuwa mimi si mtu wa kurudia kosa, nikatoa futi ya kushonea mfukoni. Safari hii nimepima lango kwanza.

Bila ile nguzo, lango lina futi tisa!

Nimempigia fundi simu. Nimemuuliza kama analo la nane.