Mashine ya Oksijeni Haivuki Kwenda Nyamira

Redio ya Ruth, mwenye kibanda cha chai pale Kiogoro, kaunti ya Kisii, ilitangaza kwamba nchi inayotengeneza mashine za oksijeni imezuia zisiuzwe nje, hata zile zilizoagizwa na serikali yetu, mpaka korona iishe. Obadiah, ambaye kijiweni wanamwita Waziri, akaweka kikombe chini kwa kishindo. Yeye ndiye mtunza vifaa wa chama cha mazishi. Chama kilipoona wateja wamezidi mwaka huu, kiliagiza mashine mbili. Ilifika moja, na ya pili sasa ndiyo kwaheri.

"Hao watu hawana utu!" akafoka. "Mtu anakata roho huku, wewe umekumbatia mashine!"

"Roho mbaya tupu," akaitikia Jethro, dalali wa ndizi na karani wa chama, jina la kijiweni Mkungu.

Mara Duke wa boda akafunga breki mbele yao. "Waziri, nimetumwa mashine. Kuna mama mzee huko Nyamira, pumzi imekataa. Hosi imejaa, ati wanalaza watu kwa koridoo."

"Nyamira?" Waziri akasimama. "Kifungu cha nne: mali ya chama haivuki kaunti. Watu wetu kwanza!"

"Si hivyo ndivyo wale wa redio wamesema?" Ruth akauliza, huku anamimina chai.

"Wapi na wapi! Wale ni wachoyo. Sisi tuko na katiba."

"Mkuki kwa nguruwe," Ruth akasema.

"Haya basi," Duke akawasha pikipiki. "Nitaambia Linet mamake avumilie."

"Linet gani?"

"Bibi yako, bana! Si alienda kwao jana kumuuguza? Amekupigia mpaka amechoka."

Waziri akatoa simu. Ilikuwa imezima. Mama mkwe! Kwa heshima ya Kigusii hajawahi hata kula naye meza moja, lakini ndiye aliyemkubali amwoe Linet wakati ukoo wao mzima ulimkataa. Alimpenda yule mama, na sasa aliogopa kumpoteza.

"Kifungu cha nne," Mkungu akakumbusha, akitazama mawingu.

"Hicho ni cha kuuza na kuazima!" Waziri alikuwa tayari anafungua stoo. "Mahari si biashara. Mahari inavuka."

"Mashine ya chama iwe mahari?"

"Badala ya ng'ombe mmoja ninayedaiwa bado. Andika, omogaka, mzee wangu, wewe si ndiye karani?"

Akapanda nyuma ya Duke, ameikumbatia mashine kifuani, na pikipiki ikatimua vumbi kuelekea Nyamira.

Ruth akapunguza sauti ya redio. "Kumbe serikali yetu ilikosea kuagiza. Ingetangulia kupeleka posa kwa nchi ile."