Mchele wa Nyuma ya Kinyozi

Staha aliiona nafasi yake akiwa amesimama kwenye foleni ya mkate, nyuma ya wanawake wawili waliokuwa wakidanganyana kuhusu mchele.

Mmoja alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama wa miwani na mgongo ulionyooka, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu na kumwamkia kwa hofu, hasa wale aliowahi kuwachapa. Mwenzake alimuuliza kwa upole mchele wake wa Jumapili ile aliutoa wapi. Mwalimu akatazama mbali kama mtu aliyeulizwa umri.

“Aa, ule? Wa hapahapa tu. Duka lolote.”

Staha alikuwa amemwona asubuhi hiyohiyo akirudi kutoka upande wa pili wa mji, jasho linamtoka, amekumbatia kifurushi cha mchele kilichoviringishwa kwenye gazeti.

Akachunguza wiki nzima, akakuta ndivyo walivyo wote. Katika mtaa ule mtu atakupa chumvi, atakuachia mtoto umwangalie, atakusimulia mpaka matatizo ya ndoa yake hata kama hujamuuliza. Lakini hakwambii anakopata vitunguu vizuri. Ndugu wa tumbo moja walifichana muuza mayai. Kuna mama alizunguka mitaa minne na kapu lake ili wasijue anatokea upande gani.

“Watu wasioambiana wanakonunua,” Staha akajiambia, “hawataambiana walikopigwa.”

Hapa inafaa tumtendee haki. Staha alikuwa ameuza mengi maishani mwake: viwanja vilivyokuwa chini ya maji, vyeti vya udaktari wa meno, mbwa mmoja kwa watu watatu. Sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili na magoti mabovu. Utapeli ni kazi ya maneno, lakini ukiyamaliza maneno inakuwa kazi ya mbio, jambo ambalo vijana wanaoingia kwenye fani hii hawaambiwi. Alichokitaka sasa kilikuwa kitu kimoja tu: kizimba sokoni. Kizimba halali, chini ya paa, karibu na geti, akae kwenye kiti chake watu wapite wakimsalimu, na asishtuke kila akisikia mtu nyuma yake anaita “Wewe!” Alikuwa amemwahidi dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyempa chumba cha uani kwa miaka sita bila kumuuliza mengi, kwamba mwaka huu atakuwa mtu. Dada yake alisema, “Haya,” akaendelea kushona.

Staha akakodi chumba nyuma ya duka la kinyozi. Kisha akaenda sokoni kwa Bi Mizani, mjane mnene, mpole, mwenye kizimba cha kwanza ukiingia getini, akanunua gunia la mchele wa kawaida kabisa. Akaumimina kwenye mifuko midogo ya kitambaa cheupe isiyo na maandishi. Halafu akaacha mlango wazi kidogo, kiasi cha mtu kuchungulia, saa ambayo Mwalimu hupita.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Staha alikuwa na la kuongeza: cha kawaida ukikificha, kitavunjiwa mlango.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Unauza nini humo?”

“Siuzi, Mwalimu.”

“Huo si mchele?”

“Ni wa kula mwenyewe. Kuna mzee mmoja ana vishamba viwili tu, anavuna kwa mkono, hataki mchele wake ufike sokoni ukachanganywe na wa watu. Mimi ananipa kwa ajili ya marehemu baba.”

Baba yake Staha alikuwa hai na buheri wa afya, ila walikuwa hawasemezani.

Mwalimu akaingia, akachukua punje moja, akaing’ata kwa meno ya mbele, akafumba macho. “Nipimie kilo mbili.”

“Mwalimu, utanigombanisha na yule mzee.”

“Nimesema kilo mbili.”

Ilikuwa sauti iliyotuliza madarasa kwa miaka arobaini. Staha akashusha pumzi kama mtu aliyeshindwa, akataja bei mara tatu ya ile ya sokoni, akaongeza kwa kunong’ona, “Lakini jambo hili libaki hapahapa.”

“Mimi?” Mwalimu akaudhika kwelikweli. “Mimi nimwambie nani?”

Utauliza, kama hakuna aliyesema, wateja walitoka wapi? Walinyatiana. Jirani alimfuata Mwalimu, shemeji akamfuata jirani, na mwezi haukuisha kabla mtaa mzima haujaanza kununua pale, kila mtu akiamini ni yeye na mzee wa vishamba viwili tu. Wakikutana mlangoni walijifanya wamekuja kunyolewa. Kinyozi, mtu asiyependa maswali, alizoea kukuta wanawake watu wazima wamejaa kwenye benchi lake, wanasoma bango la mitindo ya ndevu.

Bi Mizani aliona wateja wake wa miaka yote wakimpita na “habari za asubuhi” nyingi kuliko kawaida. Aliona pia Staha akibeba gunia la tatu kwa wiki.

“Mnakula sana kwenu, kaka.”

“Familia kubwa, mama.”

“Mungu awazidishie,” alisema Bi Mizani, akamfungia gunia.

Staha alimwonea huruma. Mama mzuri, alisema moyoni, ila akili ndiyo hivyo tena. Na kwa kuwa sasa mfuko ulikuwa umetuna na magoti yalikuwa yanauma, siku moja akavuta kiti karibu na kizimba chake.

“Mama, biashara imelala hapa. Pumzika. Niuzie mimi hiki kizimba.”

“Siuzi.”

“Nitakupa bei nzuri.”

“Hiki aliniachia marehemu mama yangu, kaka. Na kuna mtu ameshakiulizia, sipendi kumtaja.”

“Huyo mtu nitampita.”

“Utanigombanisha na wanangu.”

Mtu aliyeyasema maneno hayohayo kila siku, asubuhi mpaka jioni, kwa miezi mitatu, ungedhani masikio yake yangesimama. Wapi! Mganga hajigangi. Staha alirudi kesho yake akapandisha dau. Akarudi keshokutwa akapandisha tena. Siku ya nne Bi Mizani alifuta chozi kwa ncha ya mtandio, akataja bei ambayo ilikuwa, kwa bahati ya ajabu, kila kitu Staha alichokuwa nacho.

“Lakini jambo hili libaki hapahapa,” alisema.

Wakaenda ofisi ya soko. Karani akaandika, akagonga muhuri, jina la Bi Mizani likatoka na la Staha likaingia. Halali kabisa. Nasisitiza hilo kwa sababu nimewaona watu wakitafuta pale penye utapeli, na hapana.

Staha akarudisha ufunguo wa chumba kwa kinyozi. Akapaka kizimba rangi ya kijani, akapanga mchele uleule, safari hii wa mkopo kutoka ghala la jumla, akaandika bei ya haki kwenye ubao, kubwa, isomeke kutoka getini. Dada yake alikuja kuona, akamshonea aproni, akalia kidogo. Staha naye alilia kidogo. Hakuwa akiigiza.

Siku ya kwanza hakuuza kitu. Siku ya pili alisalimiwa sana. Siku ya tano alipita Mwalimu.

“Hongera kwa kazi.”

“Karibu mchele, Mwalimu. Ni uleule.”

“Uleule upi?”

“Ule wa... yule mzee.”

Mwalimu akalitazama gunia lililofunguliwa mbele za watu. Akautazama ubao, ambao hata mpita njia angeweza kuusoma. Kisha akainama, akasema kwa sauti ya chini, kwa huruma ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kuionja:

“Yule mzee ameshahama kwako, baba. Nimesikia mlikosana.”

Staha angesema hakuna mzee, ingembidi aseme na mengine yote. “Amehamia kwa nani?”

“Mimi nikwambie?” alisema Mwalimu, na kuondoka akiwa ameudhika kwelikweli.

Staha aliacha kizimba wazi akaenda, magoti na yote, mpaka kwa kinyozi. Benchi lilikuwa limejaa wanawake wanaosoma bango la ndevu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo, kiasi cha kuchungulia, na ndani sauti ya upole ilikuwa inasema, “Siuzi, mama. Ni wa kula mwenyewe.”

Alisukuma mlango. Bi Mizani alikuwa ameketi katikati ya mifuko ya kitambaa cheupe, amevaa miwani mipya.

“Karibu, kaka. Umeletwa na nani?”

“Bi Mizani! Huo ni mchele wa jumla! Tunanunua ghala moja!”

“Taratibu,” alisema, akionyesha benchi kwa kidevu. “Watakusikia. Waambie tu, kama unataka. Anza na Mwalimu. Mweleze mchele wa mwanzo aliununua wapi, kwa nani, na ulitoka gunia gani.”

Staha akafikiria kumweleza Mwalimu. Akafikiria na magoti yake. Akasema samahani kwa usumbufu, akatoka.

Jioni alirudi nyumbani amechoka kuliko siku zote alizowahi kukimbizwa. Dada yake akampakulia. Wali ulikuwa mweupe, punje mojamoja, unafuka moshi. Staha akala vijiko vitatu, akaweka kijiko chini.

“Dada. Mchele huu umenunua wapi?”

Dada yake akatazama dirishani. “Wa hapahapa tu.”

“Dada, mimi nina magunia kumi sokoni.”

“Najua, mdogo wangu. Na wako si mbaya,” alisema, kama mtu anayemsifia mtoto wa jirani aliyefeli. “Lakini kuna mzee mmoja ana vishamba viwili...”

“Hakuna mzee!” Staha alipiga kelele. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema ukweli bila kubanwa na askari. “Nakuapia, dada, hakuna mzee wala vishamba!”

Dada yake akamwangalia kwa upendo na masikitiko.

“Ndivyo yule mama alivyosema utasema. Kwamba mlikosana na mzee, bado una kinyongo.” Akamwongezea mchuzi. “Kesho nikupeleke ukaombe radhi. Usipopelekwa na mtu anayejulikana, hawakuuzii.”

Staha aliutazama wali. Aliujua tangu ghalani, aliwahi kuubeba mgongoni, na bado, kilichomuuma kuliko yote, ulikuwa mtamu. Akamaliza sahani, akaisogeza aongezwe, akauliza wataondoka saa ngapi.