Miwani katika Boksi la 88

Jumatatu, 4 Mei
Bomba la darini limepasuka nyumbani kwa mteja. Nyumba nzima chepechepe! Sisi ndio tunaofungasha vitu, kuvikausha na kuvitunza ghalani mpaka kuta zikauke. Mimi ni karani wa orodha. Majaribio yangu yanaisha Ijumaa: Bosi ataamua kama naajiriwa au narudi kwa mama. Nimeapa hakuna kijiko kitakachonipita. Bosi alipita kukagua, akaondoka huku akisema hajawahi kuona meza ikisafishwa upesi vile. Mfungashaji mkuu, tunayemwita Mzee Gundi, amesema naye hajawahi kuona mtu akiorodhesha kifuniko cha kalamu. Wivu tu.

Jumanne, 5 Mei
Maafa! Bosi ametafuta miwani yake ofisi nzima. Anadhani mumewe ameikalia. Nimefungua orodha. Boksi la 88, vitu vya bibi mwenye nyumba: "Miwani, jozi 1, safi." Mwandiko wangu. Mzuri kweli. Kumbe Bosi aliiacha juu ya ile meza niliyoisafisha! Nikiri? Ijumaa imeshafika mlangoni! Nitaichomoa kimyakimya.

Jumatano, 6 Mei
Hila ya kwanza. Nimemwambia Mzee Gundi kwamba boksi la 88 linanuka ukungu, lifunguliwe haraka. Akapiga magoti, akalinusa kona zote nne kama daktari. Akasema, "Karani, hili ni kavu kuliko koo lako." Kisha, ili nilale salama, akaliongezea mizunguko mitatu ya utepe wa gundi. Nimeshukuru. Ningefanyaje?

Alhamisi, 7 Mei
Hila ya pili, ya kisomi! Sheria ya ghala: mteja akiomba kitu chake, boksi hufunguliwa mbele yake. Nikampigia bibi simu, nikamuuliza kama hajakumbuka kitu. Akasema hapana. Nikauliza tena, kwa adabu, kama hajakumbuka shali yake ya kijani. Akaja mbio.
Boksi likafunguliwa. Kabla sijanyoosha mkono, bibi keshaivaa miwani! Akatazama dari, rafu, Mzee Gundi. Akamwambia kumbe ana masharubu, kwa sauti yake tangu Jumatatu alidhani ni kijana mdogo. Nikamnong'oneza kwamba pengine miwani si yake. Akadai orodha. Akaisoma mwenyewe, kwa sauti, bila kukunja uso. Akauliza, "Mjukuu wangu, huu si mwandiko wako?" Nikasema ni wangu, bibi. Akasaini kupokea, akaondoka nayo usoni. Shali kaisahau.

Ijumaa, 8 Mei
Bosi ameleta fomu yangu ghalani. Haoni hata kiti, kakalia mizani. Bibi naye kaja kufuata shali. Bosi akamsogelea pua kwa pua, akamsifu kwa miwani maridadi, akasema inafanana na yake iliyopotea. Nikajificha nyuma ya kabati la mteja.
Bosi akamwomba bibi amsaidie. Fomu ina visanduku vitatu: aajiriwe, aongezewe majaribio, aondoke. Bosi akaeleza kwamba mimi ni mwangalifu lakini mwoga mno, niongezewe miezi mitatu. Bibi amwonyeshe tu pa kuweka tiki. Bibi akamshika mkono, taratibu, akaupeleka kwenye kisanduku cha kwanza! Tiki. Sahihi. Muhuri. Bibi akarekebisha miwani, akanikonyeza pale nilipochungulia. Vumbi la ghala hilo, huwasha macho.
NIMEAJIRIWA! Nimemkumbatia Mzee Gundi. Kaniambia nimwachie.

Jumamosi, 9 Mei
Nimetafakari kwa kina. Kwanza, maskini bibi: miwani ile haimfai hata kidogo. Visanduku vitatu tu vimemshinda! Pili, kosa langu nimeliona, na silirudii. Kosa lilikuwa kuandika. Nisingeiandika ile miwani, nani angejua iko wapi? Kuanzia Jumatatu, kitu chochote chenye mashaka nakifunga, nakiziba, siandiki neno.