Vidonge vya Kupunguza Safari za Chooni

Semina si jina lake. Alipewa na watu waliomsalimia njiani wakiwa na haraka zao, wakajikuta nusu saa baadaye bado wamesimama, wanaitikia kwa vichwa, na mifuko imekuwa myepesi. Hakusomea chochote, na hakuna somo ambalo hakulifundisha. Aliwahi kuuza bima ya miavuli. Aliwahi kuuza nafasi za mbele kwenye foleni ambayo haikuwepo. Kwa hiyo asubuhi moja alipopita nyuma ya ghala la dawa na kumkuta mpakiaji anatupa maboksi mazuri ya kijani kwenye pipa la taka, miguu yake ilisimama bila kuamriwa.

"Kaka, hayo maboksi yamekosa nini?"

"Jokofu liliharibika wiki tatu," mpakiaji akamjibu. "Hizi zinaitwa probayotiki. Ndani ni bakteria hai, wale wema, wa kusaidia tumbo. Hizi zilitakiwa kukaa kwenye baridi. Joto limewamaliza, na tarehe nayo imeshapita."

"Wamekufa wote?"

"Mimi nitajuaje? Hawakupiga kelele."

Semina alifungua boksi moja, akamwaga vidonge viwili kiganjani na kuvitazama kwa heshima zote. Hakuona dalili yoyote ya msiba. Katika biashara zake zote hakuwahi kupata bidhaa ambayo ikiharibika, hata mwenye nayo hawezi kujua kwa macho. Akampa mpakiaji hela ya soda, akaondoka na maboksi arobaini juu ya mkokoteni wa kukodi, akijiona mtu aliyetoka kusaidia usafi wa mji.

Kilichobaki kilikuwa mnunuzi, na huyo alimpata mezani kwa shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, alipofiwa na wazazi. Alimlisha, akamvisha, akamlipia shule mpaka shule yenyewe ilipomchoka. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare za wanafunzi, meza ya kola, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mchana huo wa Jumamosi alikuwa na hasira hata vitunguu anavikata kwa kishindo.

"Meneja ameleta daftari la choo," alisema. "Ukienda unaandika jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Na sababu."

"Na sababu?"

"Na sababu, mwanangu. Jana mama mmoja wa meza ya vifungo kaandika 'kuvuta pumzi'. Kakatwa nusu siku."

Mtu mwingine angeona uonevu hapo. Semina aliona soko. Alikula haraka, akanawa, akamshukuru shangazi yake kwa chakula na hakumwambia kwamba amemshukuru pia kwa jambo jingine.

Ofisi ya Meneja ilikuwa chumba cha vioo kilichojengwa juu ya ukumbi wa kushonea, ili aweze kuwaona wanawake thelathini na wawili na cherehani zao kwa mpigo mmoja wa jicho. Jumatano Semina alipoingia, amevaa tai na kubeba boksi moja tu, Meneja alikuwa ameinamia lile daftari kama mtu anayesoma barua ya mapenzi.

"Safari tisini na mbili," Meneja alisema bila kusalimia. "Kwa siku moja! Hawa wanashona au wanatalii?"

"Meneja, usiwalaumu wanawake hawa." Semina aliketi bila kukaribishwa. "Tatizo lako ni matumbo yasiyosimamiwa."

Meneja aliinua kichwa. Neno kusimamia lilikuwa linamgusa mahali.

"Tumbo lina wafanyakazi ndani," Semina akaendelea kwa sauti ya chini, ya mtu anayetoa siri ya serikali. "Bakteria. Wako wavivu, wako wachapakazi. Kidonge kimoja hapa kinaingiza wachapakazi bilioni kumi. Wakishaingia, mama anakwenda chooni mara moja kwa siku. Nyumbani kwake. Kabla ya kazi."

"Bilioni kumi?"

"Na hakuna anayeomba likizo."

Macho yake yalikuwa yamejaa upendo kwa wafanyakazi wa aina hiyo. Kisha akauliza swali la kitaalamu, kama vidonge hivyo vinatosha kuanza Jumatatu. Semina akasema vinatosha, ila meneja wa kiwanda cha mashati pale ng'ambo ya barabara naye amevipenda sana. Hilo halikuwa kweli hata chembe, na ndiyo maana lilifanya kazi. Bahasha ilitoka kwenye droo pale pale, imenona.

"Lakini kwa masharti," Meneja alisema, mkono bado umeishika bahasha. "Kila mtu atameza hapa, mbele ya msimamizi, na mdomo utakaguliwa. Asiyetaka kumeza, kazi basi. Na kwa kuwa wanawake wangu ni wabishi, uniletee mtaalamu wa koti jeupe awaelimishe kwanza."

"Mtaalamu yupo," Semina akasema. Hakuwepo.

Jioni alimpelekea Shangazi bahasha amhifadhie, kwa sababu alipanga chumba na wajanja wenzake wawili na aliwajua vizuri kupita kiasi. Akamsimulia mpango mzima huku akicheka. Shangazi hakucheka. Aliweka chini sufuria aliyokuwa anaisugua.

"Umesema kila mtu atameza?"

"Kila mtu. Mdomo utakaguliwa."

"Na mimi je?"

Hapo ndipo Semina alipokumbuka, na tuseme ukweli, alikuwa amesahau kabisa. Miaka mitatu kabla Shangazi alipandikizwa figo aliyopewa na mdogo wake. Tangu hapo alimeza kila siku dawa za kushusha kinga ya mwili, mwili usije ukaikataa ile figo. Kiwandani hakuna aliyejua. Meneja aliwahi kumfukuza fundi wa mapasi kwa sababu tu alisikia ana kisukari.

"Kliniki walinikataza," Shangazi akasema. "Walisema nisimeze kitu chochote cha dukani bila kuwauliza, na haya mambo ya bakteria waliyataja kwa jina. Mtu wa kinga ndogo, hata wale wema wanaweza kumwingia kwenye damu. Nikimeza najihatarisha, nikikataa napoteza kazi, na nikisema kwa nini nakataa napoteza kazi vilevile."

"Shangazi, hawa wamekufa."

"Nani kakwambia wamekufa wote? Na boksi likikaa wiki tatu kwenye joto, humo kimeota nini kingine?"

"Basi weka chini ya ulimi, halafu teme. Siku mbili tatu tu, nimalizane naye." Semina alikuwa anatazama saa. "Tatizo langu mimi ni mtaalamu. Nimtoe wapi mtu wa koti jeupe kabla ya Jumatatu?"

Shangazi alimtazama kwa muda mtoto aliyemlea. Moyo ulimuuma, na hakuficha; alifuta macho kwa upande wa kanga, wazi wazi, na Semina akadhani ni sabuni. Kisha akasema kwa upole kabisa:

"Namjua mwanamke mmoja. Koti analo. Na maneno anayo. Ila atataka kulipwa."

"Mpe chochote, Shangazi! Kata humo humo kwenye bahasha."

"Chochote?"

"Chochote atakachotaka."

Msomaji asisumbuke kubahatisha. Mwanamke huyo alikuwa mfamasia wa kliniki ile ile ambako Shangazi alichukulia dawa zake kila mwezi. Semina peke yake ndiye hakujua, na haikuwa rahisi kujua, maana alikuwa ndiye anayezungumza.

Siku ya Jumapili Semina alimfanyisha mfamasia mazoezi sebuleni kwa Shangazi. Alimfundisha kusimama, kukohoa kidogo kabla ya maneno magumu na kushika boksi kama mtoto mchanga.

"Sema, 'Bakteria hawa wanamfaa kila mtu.'"

"Hawamfai kila mtu," mfamasia akasema. "Na inategemea ni aina gani. Kila aina ina kazi yake, na nyingine kazi yake haijathibitishwa bado."

"Unaona! Hivyo hivyo!" Semina akapiga makofi. "Dada, una kipaji. Mtu anaweza kuapa umesoma."

"Huwa wananiambia," mfamasia akajibu.

Jumatatu saa mbili asubuhi cherehani zilizimwa. Wanawake thelathini na wawili walikaa kwenye viti vyao, shangazi mtu akiwa safu ya pili na kola mkononi. Msimamizi alisimama na jagi la maji na tochi ya kukagulia midomo. Meneja aliteremka kutoka kwenye vioo vyake, Semina akatoa hotuba fupi ya dakika ishirini, kisha akamkaribisha mtaalamu wake kwa mbwembwe.

Mfamasia hakukohoa. Alichukua boksi, akaligeuza.

"Tarehe imepita miezi minne," alisema. "Na hapa pameandikwa vihifadhiwe kwenye baridi. Nyie shikeni wenyewe, boksi limepata moto. Vidonge hivi asimeze mtu."

Semina alicheka kwa sauti, akidhani ni mbwembwe za kuvuta watu kabla ya kuuza. Hiyo mbinu hata yeye hakuwa nayo.

"Nani hapa tumbo linamsumbua?" mfamasia akauliza. Mikono kama ishirini ikanyanyuka. "Mnakunywa maji kiasi gani mkiwa kazini?"

"Hatunywi," akajibu mama wa meza ya vifungo.

"Kwa nini?"

"Ukinywa utakwenda."

Hakuna aliyesema kwenda wapi. Macho yote yalikwenda kwenye daftari lililoning'inia kwa kamba karibu na mlango. Mfamasia alilifungua, akasoma kurasa mbili tatu bila haraka.

"Meneja, mtu asiyekunywa maji na anayebana haja kila siku, choo kinakuwa kigumu, tumbo linajaa, na siku akienda anakaa huko nusu saa. Ugonjwa wao ni hili daftari. Sijui kidonge cha kulitibu."

Meneja alikuwa amebadilika rangi. "Kwa hiyo bilioni kumi zangu hazifanyi kazi?"

"Zikiwa hai, zenye tarehe, na ukajua unatumia aina gani kwa shida gani, zinaweza kusaidia baadhi ya watu. Labda aliyeharisha kwa sababu ya antibayotiki. Anatumia kwa muda, anaweza kupata gesi siku za kwanza, na asipoona nafuu anaacha. Mwenye damu kwenye choo au anayekonda bila sababu asihangaike na vidonge vya dukani, aende hospitali. Na mwenye ugonjwa mkubwa, au anayetumia dawa za kushusha kinga, asiviguse mpaka amuulize daktari wake." Alilifunga daftari. "Huyo halazimiki kujitaja hapa. Nitaonana na kila mmoja peke yake, chumba cha vitambaa, mlango umefungwa. Tutakayoongea mle hayatamfikia mwajiri."

Shangazi hakunyanyua uso, lakini aliilaza ile kola juu ya cherehani.

"Dada," Semina akanong'ona huku anatabasamu kwa meno yote, "umetoka nje ya maneno tuliyopanga."

"Mimi sikupanga maneno, kaka. Mimi nina leseni."

Mfamasia alitoa mfukoni karatasi yenye picha yake na mhuri. Semina aliitazama, kisha akautazama mlango. Meneja naye akaelewa wakati huo huo. Ulifuata mchezo mfupi usiopendeza kwa watu wazima. Semina alipita chini ya meza ya kukatia, juu ya marobota ya kaki, katikati ya mapasi, na Meneja nyuma yake anadai bahasha yake kwa jina la Mungu. Wanawake waliwapisha wote wawili kwa adabu, ila Meneja kila alipofika alikuta kiti njiani. Semina alitokea mlango wa mizigo akiwa na kiatu kimoja.

Kwa polisi Meneja hakwenda. Alifika mpaka mlangoni, akafikiria namna ya kueleza kwamba alinunua vidonge vilivyooza ili awalazimishe wanawake wasiende chooni, akarudi. Daftari lilitoweka ukutani wiki hiyo hiyo, na hakuna aliyeulizwa limekwenda wapi.

Siku ya nne, saa kumi alasiri, Semina alibisha hodi kwa Shangazi. Alikuwa amenunua viatu vipya kwa mkopo wa matumaini.

"Shikamoo, Shangazi. Nimefuata ile bahasha."

"Marahaba. Kaa."

Shangazi hakumgombeza. Aliingia chumbani, akarudi na boksi moja la kijani, lililobaki tangu siku ya mazoezi, na glasi ya maji, akaviweka mbele yake. Akatoa kidonge kimoja, akakiweka katikati ya meza.

"Meza hicho, uchukue bahasha yako."

Semina akacheka. Shangazi hakucheka. Semina akakishika kidonge, akakigeuza, akakinusa. Wiki tatu kwenye joto, halafu wiki nyingine uvunguni kwake, karibu na mafuta ya taa. Humo kimeota nini? Yeye alikuwa mzima wa afya, figo zake zote mbili alizozaliwa nazo, na bado mkono haukutaka kufika mdomoni. Aliwaza bahasha jinsi ilivyonona. Akakisogeza kidonge, akakirudisha. Mwisho akakiweka mezani taratibu, akajifuta vidole kwenye suruali.

"Siwezi," alisema, akiangalia chini.

"Mimi ulinipangia nikiweke chini ya ulimi."

Semina hakuwa na semina ya kutoa. Alikaa pale, uso unamwaka kwa aibu ya kweli, kitu ambacho hakuwahi kukiuza wala kukinunua. Kisha akainuka kuondoka. Lakini mtu ni mtu, na alipofika mlangoni aligeuka.

"Na bahasha, Shangazi?"

"Bahasha nilimpa mfamasia yote, apime wanawake thelathini na wawili. Si ulisema chochote?" Shangazi alimwaga yale maji kwenye sinki. "Nilitaka tu kuona kama utameza."