Mbwa wa Kanada Kwenye Mazishi ya Kabazi

Leo nimeaibika mbele ya mchungaji, mwili na Kabazi nzima, huko Subukia. Nimerudi mtaani kwangu Section 58, nimejifungia kwa nyumba.

Kazi yangu mnaijua: mazishi na harusi, nachukua video na kuzirusha laivu. Leo ilikuwa mazishi ya Baba Kamau. Kamau mwenyewe yuko Kanada na makaratasi yake hayajakaa sawa. (Akitoka huko, haruhusiwi kurudi.) Asubuhi mama yake alinishika mkono. "Kijana, hotuba za wanasiasa hata usichukue. Nataka tu Kamau amwone baba yake akiteremshwa."

"Mathe, hiyo niachie mimi," nikasema. Ona mdomo!

Mbele ya kamati ya mazishi nikajigamba. Nikawaeleza kwamba picha ikitoka hapa inamfikia Kamau baada ya nusu dakika, kwa hivyo wasishangae akichelewa kuitikia. Nikawaeleza habari za bitireti, yaani kasi ya kutuma video. Mzee mmoja akataka kujua kama huyo Bitireti amehesabiwa kwa chakula.

Kitu sikuwaeleza ni kwamba juzi chaneli yangu ilikubaliwa kuwekewa matangazo. Kwa furaha nilitia tiki kila mahali. Ya mwanzo wa video, tiki. Ya katikati, tiki. Halafu nikasahau kabisa.

Kaburini mambo yalianza vizuri. Kamau alikuwa akitazama kwa TV yake, na amepiga simu pia ili amuage baba. Dada yake Njeri akashika simu, mchungaji akaisogezea maikrofoni. Vijana wanne wakashika kamba, jeneza likaanza kushuka. Watu wanalia. Mimi mwenyewe machozi yananilenga (kamera haikutikisika, hiyo mnipe).

Jeneza likiwa katikati, spika za kanisa zikabweka.

Woi! Mbwa mkubwa! Halafu muziki, halafu mzungu mwenye furaha anasifu chakula cha mbwa, yote yakitoka TV ya Kamau kupitia ile simu. Haya matangazo huangalia mtazamaji yuko wapi, na Kamau yuko kwa watu wanaonunulia mbwa chakula dukani. Mbwa wa boma akajibu. Wa jirani naye akajibu. Mzee wa Bitireti akaokota kijiti akamfukuza mbwa wa boma, maskini, asiye na hatia yoyote.

"Kamau, ni nini hiyo?" mama akauliza.

"Ni tangazo, mama. Limefunika picha. Simwoni baba."

Mama akageuka akanitazama. Nikazima matangazo kwa simu yangu, lakini lililoanza halizimiki.

"Simamisheni," mama akawaambia vijana.

"Mathe, kamba inatukata mikono."

"Mngojeni mtoto wangu."

Tukangoja. Mchungaji na Biblia wazi, jeneza linaning'inia, tunangoja chakula cha mbwa kiishe!

"Zimebaki sekunde tano," Kamau akasema kwa spika.

Nikahesabu. Likaisha. Likaanza la pili! (Matairi ya theluji.) Kijana mmoja wa kamba aliniangalia hivi nikajua heri nisikutane naye tena Subukia.

Hatimaye Kamau akasema, "Nawaona. Mmemshikilia bado."

Mama akainua mkono. Jeneza likashuka polepole mpaka chini, watu wakalia, wakanyamaza. Ndipo Kamau akalia. Nusu dakika baada yetu, peke yake, kwa spika. Mama alisimama na udongo mkononi, hakuutupa.

"Nimemwona, mama. Amefika chini."

Hapo ndipo akautupa. Mimi nilijificha nyuma ya kamera nikalia kama mtoto, na nyinyi mnaojua nilivyo mkavu wa machozi mtajua ilikuwa mbaya.

Wakati wa chakula niliketi mbali kabisa na watu, karibu na yule mbwa aliyefukuzwa. Mama mwenyewe akaja na sahani ya pilau, akaniwekea mapajani.

"Kula," akasema. "Na huyo mwenzako mpe mfupa, hiyo kesi haikuwa yake."

Matangazo nimezima yote. Mkitaka kucheka, chekeni huko kwenu, msiandike hapa chini: Kamau anasoma, na atawajibu baada ya nusu dakika.